Doti Isiyokatwa

Ikiwa umeshapewa siku ya kwenda kupasuliwa tumbo ili upungue mwili, na tangu upewe siku hiyo chakula hakishuki na usingizi hauji, basi keti nami kidogo. Mimi nimepitia. Sitakueleza madaktari wanakata wapi na kushona wapi, maana mimi nilikuwa nimelala na kazi hiyo nimewaachia wenyewe. Nitakueleza ya kungoja. Kungoja ndiko kulikonitia adabu, na ndiko kulikonionyesha mama mkwe wangu ni mtu wa namna gani, baada ya kukaa naye miaka kumi na saba nikidhani namjua.

Naitwa Mwanamisi, mkulima wa mwani hapa Kibuyuni, pwani ya kusini mwa Mombasa, jirani na Shimoni. Nilipoolewa nilikuwa mwembamba, na jambo hilo halikumfurahisha mtu. Kwetu mwanamke akiongeza mwili huambiwa amenawiri, na akipungua huambiwa amekwisha. Neno lenyewe ndilo hilo, amekwisha, kama unga kwenye debe. Mume wangu Bakari ni mpishi wa hoteli kule Diani, kwa hiyo fikiria mwenyewe aibu ya mke wa mpishi kuonekana mifupa. Mama yake, ambaye kwa desturi yetu Wadigo twamwita Mebakari, alinipokea akanitazama juu mpaka chini, akaingia jikoni. Hakutoka humo mpaka niliponawiri.

Nikanawiri. Baada ya mtoto wa tatu nikaendelea kunawiri bila ya kuombwa. Ikaja sukari, yakaja magoti, ikaja pumzi fupi ya kunifanya nisimame njiani nijifanye naangalia kuku wa watu. Nikawa nasali nimekaa kwenye kiti, na mwanangu Saumu akaniuliza kwa nini mama anasali kama bibi na bibi anasali kama mama. Nilimfokea. Mtoto alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilimfokea.

Siku iliyoanzisha yote ilikuwa siku ya bamvua, maji yametoka mpaka mbali, wanawake tuko shambani tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kazi hiyo ni ya kuinama. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuinama zamani, nakaa kabisa ndani ya maji, nafunga nikiwa nimekaa. Maji yakaanza kurudi, wenzangu wakainuka, mimi nikashindwa. Nilijaribu mara tatu. Maji yakafika kifuani. Nilicheka, maana ukiwa mnene unajifunza kucheka kabla watu hawajacheka, lakini moyoni nilikuwa naogopa kwelikweli. Mama mkwe na jirani yangu Mejumaa wakanishika mikono wakanivuta, na katika kule kuvuta leso yangu ikafunguka, ikaelea, ikaenda zake.

Dera limeninata mwilini, na wavuvi wanapita. Mebakari akafungua leso yake mwenyewe akanizungushia. Haikufika. Ncha mbili ziliachana kama watu walionuniana, na mimi katikati. Akanitangulia, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani ili anayekuja amwone yeye kwanza.

Ijumaa yake akaniletea leso mpya. Kwa asiyejua, leso huuzwa kwa doti: mbili zimeungana, kitambaa kimoja kirefu, na kazi ya mnunuzi ni kukata katikati na kupinda. Hakuna mwanamke wa pwani anayevaa doti nzima. Hii ilikuwa imepindwa ncha zake kwa mkono, mshono mdogo mdogo mzuri, lakini katikati haikukatwa.

"Mkasi wangu umeingia kutu," akasema, macho ameyaelekeza uani. "Vaa hivyo hivyo."

Nikaivaa, ikanizunguka ikabaki. Idi iliyofuata akaleta nyingine, nayo nzima, mkasi una kutu. Idi ya pili vilevile. Hatukuwahi kulizungumza. Mtu akikupa sitara ya namna hiyo humuulizi habari za mkasi.

Nilipelekwa Mombasa na kliniki ya sukari. Daktari aliniambia dawa na sindano zinapanda na sukari inapanda, na kwamba iko njia ya upasuaji, nikaisikilize. Nilikwenda kwa shingo upande. Umeshawahi kuingia chumba cha kungojea ukatazama viti kabla ya watu? Viti vyenye mikono vilikuwa maadui zangu. Kuna mahali niliwahi kusimama saa mbili nikisema mgongo unaniuma, kumbe kiti hakinichukui. Pale Mombasa niliingia nikakuta mabenchi mapana, hayana mikono. Mtu fulani alikuwa ametufikiria. Nilikaa nikatokwa na machozi kwa sababu ya benchi tu, na mama mmoja wa pembeni akanipa kitambaa bila kuniuliza, naye macho yake yalikuwa mekundu vilevile.

Hapo ndipo nilipokutana na Sista Njeri. Ni mtu wa bara, kazi yake kuwatayarisha wagonjwa kabla ya kisu, na Kiswahili chake ni kile cha kufaulu mtihani, kilichonyooshwa kwa pasi. Alinipa karatasi na kalamu. Akasema niandike, mambo yakienda vizuri, mafanikio kwangu yatakuwa nini.

Nikaandika: kilo sabini.

Akaisoma, akaikata kwa mstari mmoja. "Hiyo ni ya mizani, mama. Mimi nakuuliza yako. Mizani haijui kama una furaha ama huna. Nenda nyumbani ufikirie, utaniletea siku ya kurudi."

Nilikasirika. Nimevuka feri, nimepanda ngazi, nimepimwa mbele ya watu, halafu nakatiwa jibu langu kama mwanafunzi. Nilimwambia Bakari yule sista ana kiburi. Leo namuombea dua kila siku, lakini siku ile nilimsema mpaka tukafika Shimoni.

Matayarisho yalikuwa ya miezi sita. Sisi watu wa mwani hatuhesabu miezi, twahesabu mavuno, na mwani hukaa majini wiki sita hivi. Basi nilikuwa na mavuno manne ya kungoja.

Vuno la kwanza lilikuwa la ugomvi. Bakari alipoelewa kwamba nasema kweli, alisugua sufuria zilizo safi siku nzima ya mapumziko yake. Kisha akaniambia, "Nilikuoa, nikakulisha, sijakulalamikia hata siku moja. Nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna anayenifukuza, nafukuzwa na magoti. Akatoka. Nilidhani ni hasira. Baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba anaosha uso, na nikajua kwamba mume wangu anaogopa nitakufa, na hana pa kuiweka hofu hiyo.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Aliniambia mara moja tu: "Nilikutwaa kwa mamako una mifupa mitupu. Sasa wataka nikurudishe kwa watu ulivyokuja, waseme Mebakari kamnyima mkaza mwana chakula?" Tangu hapo akawa hasemi nami. Tunaishi ua mmoja, twachota maji pipa moja, na yeye anamwambia Saumu, "Mwambie mamako chumvi imekwisha," na mimi nimesimama hapo hapo na chumvi mkononi. Wiki sita hizo zilikuwa ndefu. Nilimwona mkaidi. Sikujua kwamba kila Alhamisi alikuwa akienda kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama inafaa kukata kiungo kizima ili kuokoa mtu. Mwalimu alimjibu inafaa. Hakuniambia, akarudi wiki iliyofuata akauliza tena, ahakikishe.

Siku ya kurudi kwa Sista Njeri nilipeleka jibu jipya: niwe kama siku niliyoolewa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi na tisa."

"Hata mimi siwezi kurudi huko," akasema. Akaikata.

Mara ya tatu sikuwa na jibu lolote. Nilikuwa nimechoka, nimevuka feri na mvua, na kwenye mizani nilikuwa nimepungua kidogo tu. Akanisomea yaliyobaki: vipimo vya usingizi kwa sababu ya kukoroma kwangu, mazoezi ya kutembea, kutafuna polepole. Kisha akafunga faili, akanishika bega, akasema kwa moyo mzuri kabisa, "Sasa mama, kazi ni kwako. Ujifunge kibwebwe."

Nikaanza kulia. Si machozi ya benchi, haya yalikuwa ya kwikwi, mpaka mlango ukafunguliwa na mtu akachungulia.

Maskini Sista Njeri aliogopa. Akaniuliza kasema nini kibaya. Nikamwuliza, unajua kibwebwe ni nini? Akasema ni kujitahidi, ni nahau, alifundishwa darasa la saba. Nikamwambia, kibwebwe ni leso. Unaikunja kwa urefu, unajizungushia kiunoni juu ya dera, unafunga fundo mbele, dera linapanda, unaingia kazini. Mama yangu alijifunga, mama mkwe anajifunga na miaka yake sabini, wanawake wote wa Kibuyuni ukiwaona wanashuka pwani wamejifunga. Mimi sijafunga kibwebwe miaka sita. Hakinifiki.

Akavuta kiti chake akaja upande wangu wa meza. "Nimeliandika neno hilo kwenye insha mara nyingi," akasema, "na sikuwahi kujua ni kitambaa." Kisha akanisukumia karatasi.

Nikaandika: Nijifunge kibwebwe kwa leso moja, niingie majini, niinuke mwenyewe.

Hakuikata. Aliikunja akaiweka kwenye faili langu mbele kabisa, juu ya karatasi za damu na mkojo. Na mimi nakwambia, tangu siku hiyo nusu ya hofu yangu iliondoka. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitapasuliwa, nitateseka, na bado nisifike kule wanakofika wanawake wembamba wa kwenye picha. Kumbe siendi huko. Nakwenda shambani kwangu, na njia yake naijua.

Nusu ya hofu iliyobaki ilikuwa ya kufa.

Lilipokaribia vuno la nne nikapewa siku ya upasuaji, na amri ya mwisho: wiki mbili kabla ya siku hiyo nisile kitu kigumu, ninywe tu, ili ini lisinyae wapate nafasi ya kufanya kazi. Nilipewa pia karatasi ya Kiingereza yenye orodha. Nikaikunja, nikaitia kabatini chini ya nguo. Kunywa kuna maelezo gani?

Nilirudi nyumbani nikamwambia Saumu, na bibi yake anasikia, kwamba wiki mbili hizi sili, nakunywa tu. Asubuhi yake, bila neno, nikakuta bakuli mlangoni kwangu. Uji wa mchele wa tui zito. Mebakari alikuwa bado amenuna, lakini kusikia yuko mtu asiyekula ndani ya ua wake kulimshinda. Mchana ikaja supu ya pweza iliyotiwa nazi. Jioni sharubati ya ukwaju, sukari imejaa. Nami nilikuwa mwaminifu, wallahi, sikutafuna hata punje. Kila nilichotia kinywani kilikuwa cha kunywewa. Nikawa najisifu mwenyewe kwa Mejumaa kwamba hizi wiki mbili watu wanazozilalamikia si kitu.

Nilifika Mombasa nimebeba mfuko wangu wa kulazwa. Wakanipandisha kwenye mizani. Nilikuwa nimeongezeka kilo tatu. Sukari yangu ilikuwa juu mpaka muuguzi akapima mara ya pili. Daktari wa upasuaji aliniuliza kwa upole nimekula nini, nikamwambia sijala. Nimekunywa nini? Nikamtajia. Alitazama chini muda mrefu, na mabega yake yakawa yanatikisika kidogo, mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka. Akasema siku hiyo hawezi kunipasua. Nirudi baada ya mwezi.

Safari ile ya kurudi siisahau. Bakari alikuwa ameomba ruhusa kazini, watu wameniaga, Mejumaa alilia mlangoni kwangu, na mimi narudi jioni ile ile na mfuko wangu na tumbo langu zima. Nilijiona mpumbavu. Nilimwambia Bakari basi, nimeacha, Mungu hakuandika. Nadhani alitaka kukubali. Akachukua mfuko wangu akaubeba yeye.

Mebakari alikuwa uani anapepeta mchele. Bakari akamweleza yote, mpaka supu ya pweza. Yule mama akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia si wewe mama, ni mimi sikusoma karatasi. Akasema, "Ilete hiyo karatasi." Hajui kusoma, sembuse Kiingereza. Akamwita Saumu aisome neno kwa neno kwa Kiswahili, naye anarudia kila neno kwa mdomo. Supu nyepesi iliyochujwa. Maziwa yasiyo mafuta. Maji. Hakuna nazi, hakuna sukari. Walipofika hapo kwenye nazi bibi yake akauliza, "Hata kidogo?" Saumu akasema hata kidogo. Mebakari akaniambia mimi mwenyewe, si kwa kupitia mtoto, "Kesho kutwa twende wote. Nataka nimuone huyo mtu atakayekulaza."

Basi nikavuka feri na mama mkwe wangu, amevaa buibui lake la harusi na kofia ya kukingia jua juu yake. Nilimpeleka kwa Sista Njeri, wakaamkiana. Sista alisema shikamoo, na Mebakari akaitikia marahaba akamtazama vizuri, akaona huyu amelelewa. Kisha akaomba kuonana na daktari wa dawa ya usingizi. Si kawaida, lakini Sista alikwenda kumleta, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini.

Mimi kwa mavuno manne nilikuwa na maswali matano kifuani na sikuthubutu kuuliza hata moja. Nilikuwa naogopa jibu. Mebakari aliyauliza yote kwa pumzi moja, kwa sauti ile ile anayouliza bei ya samaki.

"Wewe ndiye utakayemlaza mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ukishamlaza unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakaa kichwani pake mpaka mwisho. Kazi yangu ni kumtazama anavyopumua."

"Ukishikwa na haja?"

Daktari hakucheka. "Naenda kabla. Na ikizidi, yuko mwenzangu anakaa pangu kwanza, ndipo nainuka."

"Nani anamwamsha?"

"Mimi. Nitamwita jina lake."

"Jina lake nani?"

Akatazama faili. "Mwanamisi."

"Usiangalie kwenye karatasi," Mebakari akasema. "Likariri."

Yule kijana akafunga faili, akasema jina langu mara tatu kama mtoto chuoni. Akatuambia pia, bila ya kuficha, kwamba hatari haikosekani, kwamba mwili mkubwa na kukoroma kunamfanya awe macho zaidi, na ndiyo maana walinipima usingizi mapema. Ajabu ni kwamba kuambiwa kweli kulinituliza kuliko kuambiwa usijali. Wewe unayengoja, uliza. Na ukishindwa kuuliza, nenda na mtu kama Mebakari.

Wiki mbili za mara ya pili nilizifunga naye. Sikumwomba. Siku ya kwanza nilimkuta jikoni ana bakuli mbili za supu nyepesi, rangi ya chai. Nikamwambia mama, wewe una miaka sabini, wewe huendi kupasuliwa. Akasema hawezi kupika wali wa nazi ua huu na harufu ije mpaka kwangu, na hawezi kula kwa kujificha katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku ya nne nilimwona anashika ukuta. Nikamlazimisha ale viazi, nikamlisha kwa mkono wangu, naye akala huku amegeuka upande wa pili ili nisione. Kesho yake akarudi kwenye supu. Bakari alikuwa anakula hotelini huko Diani na kurudi amenawa mikono kwa ndimu, mwizi kabisa.

Siku ya kumi tulikuwa wakali wote wawili. Tuligombana kwa sababu ya ufagio. Halafu tukakaa kwenye mkeka, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. "Siku ile majini," akasema, "nilipokufunga leso yangu isifike, nilisema moyoni, nimemfanya mimi huyu. Ndiyo maana nilichukia uliposema wataka kukatwa. Niliona unanikata mimi." Nikamwambia mama, ulinilisha kwa mapenzi. Akasema anajua, na ndiyo tabu yenyewe.

Siku ya upasuaji nilivua doti yangu nikampa aishike. Nilipewa gauni la hospitali, likanifika, maana pale wanayo ya watu kama sisi. Sista Njeri alikuja na karatasi yangu akaniuliza kama jibu ni lile lile. Nikasema ni lile lile. Bakari alinisomea Yasini, akaruka aya, nikamrudisha. Ndani kulikuwa na baridi. Nilimwona yule kijana kichwani pangu, na hakuwa na karatasi mkononi. "Mwanamisi," akasema. Nikatamka shahada, na hapo nikapotea.

Neno nililolisikia tena lilikuwa jina langu. Koo limekauka, tumbo linauma upande mmoja, na jina langu linaitwa na mtu aliyelikariri. Nikajua nipo.

Yaliyofuata hayakuwa marahisi na sitakupamba. Vuno la kwanza baada ya kisu nilikunywa maji kwa kijiko. Nilitapika kwa ajili ya robo ya yai. La pili nywele zilinidondoka mpaka nikaogopa kitana, na ngozi ya mikono ikaanza kuning'inia. Watu wakaanza njiani: Mwanamisi, umekwisha. La tatu wakaongeza kwamba pengine nina ugonjwa mwingine ninaouficha. Mara moja Mejumaa, ambaye ni rafiki yangu kweli, alilisema mbele ya Mebakari, kwamba mkaza mwana wako amekwisha. Mama mkwe akaendelea kuchambua dagaa. "Hajakwisha," akasema. "Amebaki yeye." Mejumaa hakulirudia, na nadhani alikwenda kulieneza, maana wengine pia waliliacha.

Usiniulize kilo. Magoti bado yananiuma siku za baridi ya kusi. Sukari imeshuka, sindano nimeacha, na daktari anasema tuendelee kuitazama. Nasali nimesimama, na paji la uso wangu linafika chini. Mara ya kwanza lilipofika nilikaa kwenye sijida muda mrefu mpaka Saumu akadhani nimezirai.

Bamvua ya juzi nilikuwa najitayarisha kushuka pwani na leso yangu ya zamani, ile doti nzima, nimeizungusha mara mbili na bado inaburuzika. Mebakari akaingia na doti mpya, ya zambarau, ncha zake zimepindwa kwa mkono. Katika mkono wa pili alikuwa na mkasi.

"Shika huku," akaniambia.

Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaikunja tukapata katikati. Akakata. Ilichukua muda, mikono yake siku hizi inatetemeka, na mkasi ulikuwa unang'aa. Nusu akanipa mimi, nusu akajifunga yeye.

"Na kutu, mama?" nikamwuliza.

"Kutu gani?" akasema. "Mkasi huu haujapata kuingia kutu hata siku moja."

Nikaikunja leso yangu kwa urefu, nikaizungusha kiunoni, nikafunga fundo mbele. Likashika. Tukashuka majini.